Mwenye Mchoro Ndiye Mwenye Kifaa

Bati la paa, kabla ya kutiwa mawimbi, haliwezi hata kujibeba lenyewe. Ukilishika upande mmoja, upande wa pili unaning'inia na kujipinda. Likishapita kwenye roli za kiwandani na kupata mikunjo yake, bati hilohilo linavuka nafasi iliyopo kati ya boriti mbili na kuhimili mvua za masika miaka nenda miaka rudi. Hakuna chuma kilichoongezwa na unene wake ni uleule. Kilichobadilika ni umbo, na umbo hilo limetoka kwenye mikunjo. Kuanzia Kangemi hadi Kawangware, Dagoretti hadi Kibera, familia nyingi za magharibi mwa Nairobi zinalala chini ya ushahidi wa jambo ambalo wahandisi wa Tokyo, Oxford na Boston wamelifanya taaluma nzima katika nusu karne iliyopita: kwamba kitu bapa, kikikunjwa mahali panapostahili, hupata nguvu na mwendo ambao hakikuwa nao. Taaluma hiyo sasa inaunda vifaa vya kuingia ndani ya mishipa ya damu, koleo za upasuaji zenye upana wa milimita chache, na roboti zinazoweza kumezwa. Nairobi ina deni la kujiuliza itasimama wapi mbele ya taaluma hii. Jibu langu ni kwamba jiji hili lina mikono na lina mabati. Linachokosa ni michoro yake lenyewe, na pengo hilo ndilo linalostahili fedha na akili zetu kabla ya mashine yoyote.

Msingi wa taaluma yenyewe ni sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi, origami, lakini kilichoigeuza kuwa uhandisi ni hisabati. Mwaka 1970 Koryo Miura, mtaalamu wa anga wa Japani, alieleza mkunjo wa safu za vipande vya msambamba ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Karatasi iliyokunjwa hivyo inajifunga yote kwa pamoja ukisukuma pembe mbili zinazoelekeana, na inajifungua yote kwa pamoja ukizivuta. Mwendo ni mmoja tu, wala hakuna sehemu inayosubiri nyingine. Mwaka 1995 mkunjo huo ulijaribiwa angani ndani ya chombo cha Japani, Space Flyer Unit, kwa sababu roketi ina nafasi ndogo ilhali paneli za jua zinahitaji eneo kubwa. Nyuma ya uzuri huo kuna sheria zisizobembelezwa. Mikunjo ikikutana kwenye nukta moja na ikatakiwa kulala bapa, pembe zinazopishana lazima zijumlike kuwa nyuzi 180. Idadi ya mikunjo inayoinuka kama mlima na ile inayozama kama bonde lazima zitofautiane kwa mbili kamili. Anayezijua sheria hizi anaweza kukaa mezani na kutabiri, kabla ya kukata chochote, kama kifaa chake kitafunga au kitakwama.

Mwili wa binadamu una tatizo lilelile la roketi: mlango ni mwembamba, kazi iliyopo ndani ni pana. Mgonjwa ambaye mshipa wake wa moyo umeziba, akipelekwa katika chumba cha katheta pale Hospitali ya Aga Khan, Parklands, anaingiziwa mrija mwembamba kupitia mkono au kinena. Kwenye ncha ya mrija huo kuna puto lililokunjwa na kuzungushwa likajibana, na juu yake stenti, kifaa cha wavu kinachotanuka na kushikilia ukuta wa mshipa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Zhong You na Kaori Kuribayashi wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba stenti yenye ganda lisilo na matundu inaweza kukunjwa kutoka kwenye shiti moja la chuma. Baadaye walitumia aloi ya nikeli na titani, ambayo hukumbuka umbo lake na kujikunjua yenyewe. Huko Utah, Larry Howell na wenzake katika Chuo Kikuu cha Brigham Young walitumia mikunjo kuunda koleo za upasuaji zinazopita kwenye tundu la milimita 3. Hapo faida ya pili ya mkunjo inajitokeza. Koleo ya kawaida ina pini na bawaba, na kila pini ina ufa unaoweza kuficha damu na vijidudu. Mkunjo ni bawaba isiyo na pini. Sehemu zinapungua, na mahali pa uchafu kujificha panapungua pamoja nazo.

Roboti nazo zimefuata njia hiyohiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Harvard na MIT walionyesha roboti iliyoanza ikiwa shiti bapa, ikajikunja yenyewe kwa joto ndani ya takriban dakika nne, kisha ikatembea. Mwaka 2016 kundi la Daniela Rus wa MIT lilitangaza roboti iliyotengenezwa kwa utumbo mkavu wa nguruwe, ule wa kufungia soseji, ikakunjwa na kugandishwa ndani ya kidonge cha barafu. Ikifika tumboni barafu inayeyuka, roboti inakunjuka, na daktari anaiongoza kwa sumaku iliyoko nje ya mwili. Kazi iliyokusudiwa ni kuondoa betri ndogo za duara, zile za saa na midoli, ambazo watoto humeza. Tunaouziwa midoli ya aina hiyo katika kila kona ya katikati ya jiji tuna kila sababu ya kufuatilia kazi hii, kwa maana betri kama hiyo ikinasa kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Lakini ukweli usemwe wote: roboti ile ilionyeshwa ndani ya umio na tumbo la bandia la silikoni, si ndani ya mtoto. Mwaka 2020 Hiroyuki Suzuki wa Sony na Robert Wood wa Harvard waliunda mkono wa kusaidia upasuaji mdogo sana, wenye uzito wa gramu 2.4 tu, kwa kukata tabaka bapa, kuzigandisha pamoja na kuzikunja. Huo nao ni wa maabara. Anayetaka kuisifu taaluma hii kwa haki aanze kwa kutenganisha kilichokwisha kufika kitandani kwa mgonjwa na kilicho bado juu ya meza ya mtafiti.

Hata hivyo, mifano yote hii, iliyokomaa na isiyokomaa, ina sifa moja inayotuhusu moja kwa moja. Kifaa cha kawaida cha hospitali hupata ubora wake kutoka kwenye kiwanda: kalibu za chuma zinazogharimu pesa nyingi, mashine za kuchonga kwa vipimo vya nywele, beringi, bolti, na mstari wa watu wa kuunganisha. Bila kiwanda hicho, kuwa na wazo zuri hakusaidii. Kifaa cha kukunjwa kinahamisha sehemu kubwa ya ugumu huo na kuuweka kwenye mchoro. Shiti ni bapa, kukata ni kwa leza au kwa wembe, kukunja ni kwa mkono au kwa joto. Akili imewekwa kwenye mistari. Mchoro hauna uzito, haulipiwi ushuru bandarini Mombasa, na unaweza kurekebishwa usiku mmoja ukajaribiwa asubuhi. Kwa nchi yenye viwanda vichache vya vifaa vya tiba, haya ni mabadiliko ya kimsingi. Yanashusha kizuizi cha mtaji na kupandisha kizuizi cha maarifa. Na maarifa ni kizuizi ambacho jiji lenye vyuo vikuu, hospitali za rufaa na mafundi wengi linaweza kukiruka, likiamua.

Mikono ipo, na haijaanza kukunja leo. Kamukunji, kando tu ya katikati ya jiji, mafundi wanachukua bati na mapipa ya mafuta yaliyofunguliwa na kuyafanya masanduku ya wanafunzi wa bweni, makarai, toroli, majiko na vikaango vya chipsi. Kipande cha reli ndicho fuawe lao. Angalia ukingo wa karai: umekunjwa kuzunguka waya ili usikate mkono na ili mdomo wote ukakamae. Angalia kona ya sanduku: mabati mawili yamekunjwa yakaumana, hayakuchomelewa. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliandika ripoti juu ya Kenya iliyowafanya wachumi wa dunia wautazame uchumi wa namna hii kwa heshima, na mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji na kuahidi mafundi mabanda ya kuwakinga na jua. Upande wa magharibi, kandokando ya Barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, mafundi wengine wa mbao na chuma wanafanya kazi mbele ya macho ya wapita njia. Anayekunja bati kila siku anajua mambo ambayo kitabu huyataja kwa shida: kwamba chuma hurudi nyuma kidogo baada ya kupindwa, kwamba mkunjo mkali mno hupasua, kwamba unene wa bati hula sehemu ya kipimo. Mhandisi wa mikunjo akitoka kwenye karatasi na kuingia kwenye chuma, hayo ndiyo matatizo yake ya kwanza.

Upande wa pili wa daraja linalohitajika kati ya fundi na mhandisi nao upo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina FabLab, karakana ya kukata kwa leza na kuchapa kwa 3D, iliyo katika mtandao wa dunia ulioanzia MIT. Kamau Gachigi, aliyewahi kuiongoza, ndiye aliyeanzisha Gearbox, karakana ya pamoja iliyozaliwa katika mazingira ya wabunifu wa Barabara ya Ngong, ambapo kituo cha wabunifu cha iHub kilifunguliwa mwaka 2010. Katikati ya miaka ya 2010, chuo hicho, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na shirika la Concern Worldwide waliungana katika mradi wa kubuni na kutengeneza humu nchini vifaa vya afya ya mama na mtoto. Miongoni mwa vifaa vya mwanzo ilikuwa mashine ya kufyonza majimaji. Funzo kubwa la mradi ule ni mpangilio wake: mhandisi alikaa na wauguzi na madaktari kabla hajachora. Barabara moja, basi, inaunganisha hospitali kubwa kuliko zote nchini kule Upper Hill, wabunifu wa kompyuta walio katikati, na mafundi wa nyundo walio kuelekea Dagoretti Corner. Umbali kati yao kwa matatu ni mfupi. Umbali kati yao kwa maarifa ndio mrefu, kwa sababu hakuna anayelipwa kuuvuka kila siku.

Kwamba daraja hilo linaweza kujengwa si ndoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahandisi na mashirika ya nishati walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kulibadilisha liendane na chungu, mkaa na mapishi ya Kenya. Ganda la bati likapewa kiuno katikati, ndani yake ukawekwa udongo uliochomwa. Matoleo ya kwanza yalikuwa na kasoro, udongo ukipasuka na kutoka mahali pake. Yalirekebishwa mara kwa mara, na waliolisambaza hatimaye ni mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji, waliokuwa na ustadi wa kukunja ganda lile na biashara ya kuliuza. Ushindani ukashusha bei, na jiko hilo likaenea mijini na kuvuka mipaka hadi nchi jirani. Lakini hadithi hiyo ina nusu nyingine isiyopendwa kutajwa. Umbo lilinakiliwa kwa jicho. Vipimo havikunakiliwa kwa uaminifu uleule, na majiko hafifu yakauzwa pamoja na majiko bora. Kwa jiko, hasara ni mkaa uliopotea. Kwa kifaa cha tiba, hasara ni mtu. Ndiyo maana nasema mchoro, na ninamaanisha mchoro kamili: vipimo, aina ya shiti, mpangilio wa kukunja, na jaribio la kuthibitisha kwamba kilichokunjwa ndicho kilichokusudiwa.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito zaidi kimaadili, linauliza: ni haki gani kuzungumzia roboti za kumezwa katika nchi ambapo mgonjwa bado anatumwa nje ya wodi akanunue glavu? Swali hilo halijibiwi kwa kulipuuza. Lakini tutazame ni nini hasa kimetokea tulipojaribu kujibu uhaba kwa kununua. Utafiti wa Lora Perry na Robert Malkin uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya taarifa za vifaa zaidi ya laki moja katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, ulikuta kwamba kwa wastani asilimia 38.3 ya vifaa vya hospitali havifanyi kazi. Mtafiti Manu Prakash wa Stanford ameeleza jinsi alivyokuta nchini Uganda, mwaka 2013, mashine ghali ya kuzungusha damu ikitumika kuzuia mlango kwa kukosa umeme. Hapa kwetu, mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodi vifaa vya kisasa kwa hospitali za kaunti zote 47. Uchunguzi wa Seneti uliofuata ulifichua kwamba baadhi ya vifaa hivyo vilikaa bure kwa kukosa umeme, maji, vyumba au wataalamu. Tatizo katika visa vyote vitatu ni moja: kifaa kilibuniwa kwa ajili ya jengo lingine, umeme mwingine na fundi mwingine. Kubuni hapa si anasa ya kuja baada ya glavu. Ni sehemu ya jibu la kwa nini pesa za glavu zinaishia kwenye mashine zisizowashwa.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wanaoheshimu sana utu wa mgonjwa maskini. Wanasema kwamba vifaa vya karatasi ni tiba ya daraja la pili: tajiri atapimwa kwa mashine, maskini kwa karatasi iliyokunjwa. Mfano mzuri wa kuupima woga huu ni hadubini ya Foldscope, iliyoelezwa na Prakash na wenzake mwaka 2014. Inakunjwa kutoka kwenye shiti, ina lenzi ndogo ya duara, vipande vyake vinagharimu chini ya dola moja, na zaidi ya milioni moja zimesambazwa duniani. Toleo linalosambazwa hukuza mara 140 hivi. Uchunguzi wa kawaida wa vimelea vya malaria kwa hadubini hufanywa kwa ukuzaji wa mara 1,000. Kwa hiyo anayesema Foldscope itachukua nafasi ya hadubini ya maabara ya zahanati anadanganya, na wenye pingamizi wana haki ya kukasirika. Lakini anayempa mwanafunzi wa Kawangware hadubini yake mwenyewe ya kwenda nayo nyumbani hajamdhulumu. Amempa kitu ambacho shule nyingi hazina. Kipimo cha utu ni kama kifaa kinafanya kazi iliyotajwa kwa usahihi uliotajwa. Stenti iliyokunjwa ingefanya kazi ileile kwa tajiri na kwa maskini, na gharama yake ndogo au kubwa haibadilishi kazi ya mkunjo. Ubaya unaingia pale bei nafuu inapotumika kuficha kipimo kilichoshindwa.

Pingamizi la tatu ni la fundi, na mimi nalipa uzito kuliko mengine. Nairobi inaishi kwa kutengeneza kilichoharibika. Bolti ikilegea inakazwa, beringi ikiisha inabadilishwa, waya ukikatika unaungwa. Mkunjo haukubali hayo. Ukipinda kipande cha chuma mahali pamoja mara nyingi, kinachoka na kukatika. Na kikikatika, kifaa kizima kimekwisha. Tukikaribisha vifaa visivyo na viungo, si tumekaribisha vifaa vya kutupwa, na kumwondolea fundi riziki yake? Hoja hii ni ya kweli kabisa kwa kifaa kinachonunuliwa nje kikiwa kimefungwa ndani ya sanduku na siri zake. Kifaa kama hicho kikichoka, kinachobaki ni taka na oda mpya ya dola. Lakini kwa mwenye mchoro na shiti, kifaa kilichochoka kinakunjwa upya. Matengenezo na utengenezaji vinakuwa kazi moja, na kazi hiyo inaweza kufanywa na fundi yuleyule. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Teknolojia hiihii ya mikunjo inaweza kutufanya wategemezi zaidi kuliko tulivyokuwa na mashine za bolti, au kutupa uhuru ambao mashine za bolti hazikutupa. Kinachoamua ni nani anashika mchoro, kwa akili na kwa sheria ya hataza.

Pingamizi la nne ni la usalama: mkono wa fundi wa jua kali, yaani fundi wa mtaani kama wale wa Kamukunji, hauwezi kuaminiwa na mwili wa mgonjwa. Nakubali kwamba hauwezi kuaminiwa bila kipimo. Lakini hata kiwanda cha Ulaya hakiaminiwi bila kipimo. Njia ya busara ni kuanza pale ambapo hatari ni ndogo na haja ni kubwa. Chukua gango, ile banzi ya kushikilia mfupa uliovunjika. Daktari wa upasuaji wa Marekani, Sam Scheinberg, alibuni gango la ukanda mlaini wa alumini uliowekwa kati ya tabaka mbili za sponji. Likiwa bapa unaweza kulikunja kama karatasi. Ukilipinda kidogo kwa urefu wake linakakamaa na kushika mguu. Kanuni yake ni ileile ya bati la paa. Katika jiji ambalo majeruhi wa bodaboda hufikishwa hospitali wakiwa wamebebwa mikononi au nyuma ya pikapu, gango bapa linaloweza kukaa chini ya kiti cha kila pikipiki na kila matatu lingeokoa miguu mingi isizidi kuumia njiani. Kulitengeneza hakuhitaji kiwanda. Kunahitaji mchoro uliopimwa, shiti linalojulikana, sponji isiyodhuru ngozi, na madaktari wa mifupa wa Kenyatta wa kusema ukweli linaposhindwa.

Kutoka hapo ngazi inaweza kupandwa hatua kwa hatua. Ngao za uso, ambazo karakana nyingi zilijifunza kuzitengeneza wakati wa janga la korona mwaka 2020, ni mashiti ya plastiki yaliyokatwa na kupindwa. Barakoa ya hospitali nayo inapata nafasi ya kupumulia kutokana na mikunjo yake mitatu, na mwaka huohuo kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui kilionyesha kwamba cherehani za Kenya zinaweza kuitengeneza. Baada ya hapo vinakuja vyombo vya kushikilia sampuli, kisha koleo za matumizi ya mara moja, na mwisho kabisa vile vinavyoingia mwilini. Kila ngazi ina mtihani wake. Chombo kitakachotakaswa kwa mvuke wa nyuzi joto 121 hakiwezi kutengenezwa kwa plastiki yoyote iliyopatikana dukani. Polipropilini huvumilia joto hilo na pia hupindika mara nyingi bila kukatika, ilhali plastiki ya chupa za maji huharibika. Bodi ya Dawa na Sumu, inayosajili vifaa vya tiba nchini, na KEBS wenye mamlaka ya viwango, wanaweza kuisaidia safari hii kwa kumwekea mbunifu mdogo njia iliyo wazi: majaribio yapi, kwa idadi gani, kwa ada ipi. Ukali wa sheria si adui wa fundi. Adui wake ni sheria isiyoeleweka, inayomwacha aliye na wakili tu ndiye afaulu.

Maarifa ya mchoro yanaanzia darasani, na hapo tuna nafasi ambayo hatukuwa nayo. Tangu Januari 2023, wanafunzi wa sekondari msingi wanasoma somo la mafunzo ya awali ya ufundi, ambamo uchoraji wa kiufundi una mahali pake. Karatasi ndiyo maabara ya bei nafuu kuliko zote. Kijana wa Gredi ya 7 anayekunja mkunjo wa Miura kwenye karatasi ya daftari, akapima pembe kwa kipimapembe na kukuta kwamba kweli zinazopishana zinajumlika kuwa 180, amegusa jiometri kwa vidole vyake na amejifunza kwamba sheria ya hisabati inaamua kama kitu kitafunga. Walimu hawahitaji kusubiri kompyuta wala mfadhili. Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya kiufundi navyo vingefanya jambo la maana kwa kuwaalika mafundi wa Kamukunji wafundishe wanafunzi wa uhandisi jinsi bati linavyotii na linavyokaidi, na kuwalipa kama walimu wanavyolipwa. Katika meza hiyo mhandisi ataleta mlinganyo, fundi ataleta uzoefu wa chuma, na muuguzi ataleta mgonjwa aliye kitandani. Akikosekana mmoja wao, kitakachotoka ni kitu cha maonyesho.

Nawaomba basi wanaohusika, kila mmoja kwa nafasi yake. Kitivo cha uhandisi kichague kifaa kimoja tu cha hatari ndogo, gango likiwa chaguo langu, na kukichora, kukijaribu hadi kivunjike, na kuchapisha matokeo pamoja na makosa yote. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta itoe wauguzi na madaktari wa kukihukumu. Karakana za leza zikate, mafundi wakunje, na bodi ya usajili itamke hadharani kinachokosekana. Mchoro uwekwe wazi kwa jina la waliouchora, ili fundi wa Kisumu au Mombasa aweze kuutumia bila kuomba ruhusa ya mtu wa ng'ambo. Hatutaitengeneza roboti ya kumezwa mwaka huu wala mwakani, na hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kuja kuinunua siku itakapokamilika, ikiwa imekunjwa kutoka kwenye shiti bapa ambalo tungeweza kulikata wenyewe, kwa mistari ambayo hatukujisumbua kujifunza kuichora.